Tofauti ya -st na -sf: historia fupi ya kupakia upya HAProxy

Siku nyingi sijaandika hapa, mniwie radhi. Msimu wa kuvuna mahindi huku Kitale haumwachi mtu wa kompyuta atulie, hata yule asiye na shamba. Leo nataka tuzungumzie amri moja tu, ya mstari mmoja, iliyonitoa jasho Novemba 2023. Tangu siku hiyo nimeichimba historia yake, na nimegundua kwamba kama ningeijua mapema ningejiokolea siku kadhaa za taabu, na watu wengine wangeokoka na taabu kubwa kuliko yangu. Basi chukua chai yako, twende pole pole.

Kwanza, kigawa mzigo ni nini?

Ukiwa na seva moja, wateja wote huijia hiyo hiyo. Wakizidi, inalemewa. Kwa hivyo unaweka seva mbili au tatu, na mbele yake unaweka programu inayompokea kila mteja na kumwelekeza kwenye seva mojawapo. Hicho ndicho kigawa mzigo, wengine hukiita lodi balansa. Kinafanana na manamba wa steji ya Kitale. Abiria wa Bungoma anafika, manamba anamwonyesha gari la kupanda. Abiria hajui magari yako mangapi wala lipi limeharibika. Anamjua manamba tu.

Kigawa mzigo ninachotumia ni HAProxy, programu huria iliyoandikwa na Mfaransa Willy Tarreau, mmoja wa watu waliochangia sana kiini cha Linux. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2001. Orodha ya seva zako unaiandika kwenye faili la mipangilio, na HAProxy hulisoma faili hilo mara moja tu, pale inapoanza. Ukiongeza seva au ukiondoa moja, yeye hana habari. Lazima umpakie upya.

Kupakia upya maana yake ni hivi: unaanzisha mchakato mpya wenye orodha mpya, halafu unauambia mchakato wa zamani uondoke. Yaani manamba wa asubuhi anampisha manamba wa jioni. Swali la makala hii yote ni moja: yule wa zamani aondoke vipi, ilhali bado ana abiria mkononi?

Kilichonipata

Kuna kampuni moja, jina naliweka kando, inayonunua mahindi ya wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma. Karani wa ghala anapima magunia, anaingiza kilo kwenye simu, anabonyeza, na mfumo unaandika deni kisha unatuma agizo la malipo. Jibu huchukua sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine arobaini, kwa sababu agizo linapitia mifumo mingine kabla ya kurudi. Muda huo wote muunganisho wa karani uko wazi, unasubiri.

Mfumo huo niliurithi. Kigawa mzigo kilikuwa kwenye mashine ya Ubuntu 14.04 yenye HAProxy 1.4, pamoja na skripti ya kupakia upya iliyoandikwa na mtu aliyeondoka kabla sijafika. Ndani ya skripti mlikuwa na mstari huu:

haproxy -f /etc/haproxy/haproxy.cfg -D -p /var/run/haproxy.pid -st $(cat /var/run/haproxy.pid) > /dev/null 2>&1

Jumanne moja saa nne asubuhi niliongeza seva ya tatu kwenye orodha, nikaendesha skripti. Hata dakika mbili hazikupita, simu ikalia. Ni karani wa ghala moja la upande wa Bungoma. Mbele yake amesimama kukhu, kama tunavyowaita bibi zetu huku. Magunia yake sita yameshapimwa, kilo 540, na yameshamwagwa kwenye lundo. Simu ya karani imeandika kosa. Hajui kama malipo yameenda au hayajaenda. Akibonyeza tena, huenda kukhu akalipwa mara mbili na tofauti ikakatwa kwenye mshahara wa karani. Asipobonyeza, kukhu anarudi nyumbani mikono mitupu, na mahindi yameshachanganyika na ya wengine, hayarudishiki.

Nilimsikia kwa mbali akiuliza, "Mwanangu, sasa hayo mahindi ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Makarani wengine kadhaa walipatwa na jambo hilo hilo dakika ile ile. Nilikaa hadi jioni nikisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, nikilinganisha nani kalipwa na nani hajalipwa.

Herufi ya pili

Kosa lilikuwa kwenye herufi moja: t badala ya f.

Kwenye Unix, mchakato mmoja huupa mwingine habari kwa kutuma ishara. Ukiandika -st na namba za michakato ya zamani, HAProxy mpya ikishasimama vizuri huitumia ile ya zamani ishara ya SIGTERM. Maana yake: kufa sasa hivi. Kila muunganisho uliokuwa wazi unakatwa. Ukiandika -sf, inatuma SIGUSR1. Maana yake: usipokee mteja mpya, lakini wale ulio nao wamalize, kisha uondoke. Kwa lugha ya steji, -sf ni kuliambia gari la zamani lisichukue abiria mwingine, liwafikishe hawa Bungoma kisha lipumzike. -st ni kuwashusha wote Kamukuywa, mvua ikinyesha.

Sasa tazama jinsi historia ya mahali inavyoingia hapa. Mtu anayetazama ukurasa mdogo akiwa karibu na seva hushika muunganisho kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukipakia upya kwa -st, unawakata wachache, nao wanabonyeza tena bila kunung'unika. Kenya mambo yalikuwa tofauti. Hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia setilaiti, na pakiti moja kwenda na kurudi ilikula zaidi ya nusu sekunde. Ukurasa mmoja ungeweza kuchukua dakika. Muunganisho unaodumu muda mrefu una nafasi kubwa zaidi ya kukutwa na -st. Nyaya zimekuja na kasi imepanda, lakini maombi ya malipo bado hudumu sekunde nyingi. Chaguo ambalo kwa mwingine ni usumbufu mdogo, kwetu ni magunia sita ya mtu.

Na kubadilishana zamu kulifanyikaje wakati huo? Mchakato mpya ulijaribu kufungua poti. Ukiikuta imeshikwa na ule wa zamani, uliutumia ishara ya SIGTTOU, kwamba achia poti kidogo. Kisha ulijaribu tena. Ukishindwa, ulituma SIGTTIN, kwamba haya, rudi kazini, mimi nimeshindwa. Ishara hizo mbili kwa asili ni za kusimamisha kazi za nyuma zinapogusa skrini ya Unix, HAProxy iliziazima. Ni utaratibu wa busara: mpya asipoweza kazi, wa zamani haondoki. Tatizo ni kwamba kati ya kuachia na kushika kulikuwa na mwanya mdogo, na mteja aliyefika ndani ya mwanya huo alikuta mlango umefungwa.

Nilivyorekebisha na kuharibu zaidi

Usiku ule nilibadilisha -st kuwa -sf. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma maelezo ya HAProxy ya siku hizi, nikaupanga mstari upya upendeze:

haproxy -f /etc/haproxy/haproxy.cfg -sf $(cat /var/run/haproxy.pid) -D -p /var/run/haproxy.pid > /dev/null 2>&1

Nikaendesha. Kimya. Hakuna simu, hakuna kosa. Nikaendesha tena kesho yake mchana wa saa sita, makarani wakiwa kazini. Kimya. Nilijipongeza kwa chapati mbili.

Ijumaa niliondoa seva kongwe kwenye orodha, nikapakia upya, nikaizima. Papo hapo ombi moja kati ya kila matatu likaanza kushindwa! HAProxy ilikuwa bado inapeleka wateja kwenye seva niliyoizima. Nikaendesha ps, nikaona mchakato ulioanza Jumanne. Yaani tangu Jumanne skripti yangu haikuwa imepakia upya kitu chochote. Ile amani niliyokuwa nikiifurahia ni kwa sababu hakuna kilichotokea.

Nilipoendesha amri kwa mkono bila kutupa majibu kwenye /dev/null, HAProxy 1.4 ilinimwagia ukurasa wa msaada, na mle ndani imeandikwa wazi kwamba -sf na -st lazima ziwe za mwisho kwenye mstari. Katika matoleo ya zamani kila kinachofuata -sf huhesabiwa kuwa namba ya mchakato. Ilipokutana na -D ikajaribu kuisoma kama namba, ikashindwa, ikaandika msaada na kuondoka. Mchakato wa zamani haukupata ishara yoyote, ukaendelea na kazi yake na orodha yake ya zamani. Katika matoleo ya baadaye jambo hili limebadilishwa: orodha ya namba inaishia pale chaguo jingine lenye kistari linapoanza. Kwa hivyo maelezo niliyosoma yalikuwa ya kweli, na ukurasa wa msaada nao ulikuwa wa kweli. Kila kimoja kilikuwa cha kweli kwa miaka yake.

Na mbona HAProxy haikutambua kwamba seva imezimwa? Kwa sababu mistari ya seva haikuwa na neno check mwishoni, na bila neno hilo haipimi uzima wa seva. Hilo nalo nilirithi bila kulitazama.

Zawadi ya 2013 iliyonyamazisha kengele

Aprili 2013 Linux 3.9 ilitoka na chaguo la soketi liitwalo SO_REUSEPORT. Linaruhusu michakato miwili ishike poti moja kwa wakati mmoja, na kiini cha Linux hugawa wateja kati yao. Kwa kupakia upya hii ilikuwa zawadi: mpya anaweza kushika poti kabla wa zamani hajaachia, na ule mwanya wa mlango kufungwa ukaondoka.

Lakini zawadi hii ilikuja na mambo mawili.

La kwanza: zamani ukikosea ukaanzisha HAProxy ya pili bila kuitaja ile ya kwanza, labda faili la namba za michakato lilikuwa tupu au limepitwa na wakati, ulipata kosa la wazi kwamba poti haikuweza kufunguliwa. Baada ya Linux 3.9 hupati kosa lolote. Zote mbili zinaanza kwa amani na kugawana wateja, moja na orodha mpya, nyingine na ya zamani. Mteja mmoja anafika vizuri, mwenzake anakwama, na wewe unakuna kichwa. Ukiona tabia ya namna hiyo, hesabu michakato kabla ya kulaumu mtandao.

La pili: kila soketi ina foleni yake. Mteja anaweza kuwa ameshapangwa na Linux kwenye foleni ya mchakato wa zamani, lakini mchakato huo haujamchukua. Ukifunga soketi yake wakati huo, mteja anarudishiwa kwamba muunganisho umevunjwa. Ni wachache sana, lakini kwa anayepakia upya mara nyingi kwa siku wanahesabika.

Watu walitafuta dawa. Kwanza walizuia kwa iptables pakiti za kuanzisha muunganisho wakati wa kupakia upya. Pakiti ikipotea, kompyuta ya mteja hujaribu tena baada ya sekunde moja, na kwa mifumo ya zamani zaidi sekunde tatu. Hakuna anayekatwa, ila kuna wanaochelewa. Aprili 2015 wahandisi wa Yelp wa Marekani walieleza hadharani njia bora zaidi: badala ya kuzitupa pakiti hizo, walizishikilia kwa kitambo kidogo kwenye foleni ya Linux, wakapakia upya, kisha wakaziachilia.

Mwezi huo huo, Aprili 2015, hapa kwetu M-Pesa ilihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani kuja Kenya. Wao waliwatangazia wateja mapema, wakasimamisha huduma kwa saa kadhaa usiku wa wikendi, wakahamia. Sioni aibu katika hilo. Kufunga mlango kwa tangazo ni jambo la heshima kwa mteja kuliko kuufunga kimya kimya huku ukidai uko wazi. Kosa langu la Jumanne halikuwa tu kukata miunganisho, bali kuikata saa nne asubuhi bila kumwambia karani hata mmoja.

2017: kukabidhiana funguo

Novemba 2017 lilitoka HAProxy 1.8, na tatizo likapata dawa yake ndani ya programu yenyewe. Chaguo jipya la -x humwezesha mchakato mpya kuuomba ule wa zamani soketi zilizokwisha kufunguliwa, na kuzipokea mkononi zikiwa wazi. Hakuna kufunga wala kufungua, na foleni haipotei. Kwenye mipangilio unaandika:

stats socket /var/run/haproxy.sock mode 600 level admin expose-fd listeners

na amri inakuwa:

haproxy -f /etc/haproxy/haproxy.cfg -D -p /var/run/haproxy.pid -x /var/run/haproxy.sock -sf $(cat /var/run/haproxy.pid)

Angalia mtego wake: anayetoa soketi ni mchakato wa zamani. Kama ulianza kabla hujaandika expose-fd listeners, hana ruhusa ya kuzitoa. Kwa hivyo -x haikusaidii mpaka mchakato wa zamani uwe ulianza ukiwa na mstari huo. Na ukimpa HAProxy 1.4 chaguo la -x, halijui, atakuandikia msaada na kuondoka kama alivyonifanyia mimi.

Toleo hilo la 1.8 lilileta pia -W: mchakato mkuu mmoja unaosimamia wafanyakazi. Ukitumia systemd huwa ni -Ws. Hapo huandiki tena -sf kwa mkono. Unamtumia mkuu ishara ya SIGUSR2, naye mwenyewe anaanzisha mfanyakazi mpya na kumwambia wa zamani amalize. Ndiyo sababu kwenye mashine mpya systemctl reload haproxy inatosha, na ukichanganya na skripti ya kale ya -sf unajitafutia michakato miwili isiyojuana.

Nikikutana tena na tatizo hili

Huu ndio mpangilio ninaoufuata sasa, nanyi mnaweza kuuchukua:

1. haproxy -v kwanza kabisa, na uname -r. Jua umri wa programu na wa Linux kabla ya kusoma maelezo ya mtu yeyote, hata haya yangu.

2. haproxy -h. Msaada ulio ndani ya programu yako ni wa umri wake, haukosei tarehe.

3. haproxy -c -f na njia ya faili la mipangilio. Kama faili lina kosa, mchakato mpya hautasimama na wa zamani utaendelea, na utadhani umepakia upya.

4. Ondoa > /dev/null. Aliyeitia alitaka utulivu, lakini utulivu si habari njema.

5. Pakia upya, kisha tazama ps: mchakato mpya uanze dakika hii, na wa zamani uondoke baada ya muda. Usipoondoka, bado ana muunganisho wa mtu. Katika matoleo yenye mpangilio wa hard-stop-after unaweza kumwekea kikomo, lakini kikomo hicho kizidi ombi lako refu kuliko yote. Kwangu, jibu la sekunde arobaini haliwezi kuwekewa kikomo cha thelathini.

6. Linganisha namba kwenye faili la pid na zile za ps. Zisipolingana, -sf yako inazungumza na maiti.

Nilihamisha kigawa mzigo kwenye mashine mpya kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Mara ya mwisho nilipopakia upya mchana, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ghala lile lile la Bungoma, nikimtazama karani akibonyeza. Simu ilisubiri sekunde ishirini hivi, ikaleta jibu, akampa mzee risiti na kumwita anayefuata.

Kuhusu kukhu, kumbukumbu zilionyesha agizo lake halikuwa limetoka. Alilipwa jioni ile ile, mara moja tu, akiwa bado amekaa nje ya ghala. Nilipompigia karani kumwomba radhi, aliniambia kukhu amekwisha kwenda, na kwamba alihesabu pesa mara tatu.

Wewe je, skripti yako ya kupakia upya iliandikwa mwaka gani, na nani? Ifungue leo uitazame. Kama una swali au umeona nimekosea mahali, niandikie hapo chini. Hadi wakati mwingine, kwaherini.